Kata mti, panda mti... halafu nani anaulinda?

Leo tuongee habari ya miti. Najua kuna mtu hapo ameshasogeza mausi afunge ukurasa, manake hotuba za miti tumezisikia tangu darasa la tatu. Subiri kidogo, dakika zako za kafe hazitapotea bure. Sitakuhubiria kwamba miti ni uhai, hilo unalijua. Nataka tuangalie kitu ambacho hotuba nyingi huwa hazikifikii: mche ukishapandwa, mgeni rasmi akishaondoka na gari lake, nini kinatokea?

Tuanze na hesabu. Tanzania tuna Siku ya Kupanda Miti Kitaifa, tarehe 1 Aprili kila mwaka. Juu ya hapo kuna agizo la serikali kwamba kila halmashauri ipande miti 1,500,000 kwa mwaka. Halmashauri tunazo 184. Zidisha hapo, unapata miti 276,000,000 kwa mwaka mmoja. Miaka kumi ya namna hiyo ni miti zaidi ya bilioni 2.7. Kama miti hiyo yote ingekuwa inapandwa na inaishi, leo tungekuwa tunapishana na nyani Kariakoo.

Lakini upande wa pili wa daftari unasema nini? Takwimu za serikali yenyewe zilionyesha kwamba kati ya 2002 na 2013 nchi ilikuwa inapoteza karibu hekta 469,000 za misitu kila mwaka. Hekta moja ni kubwa kuliko uwanja wa mpira. Sasa piga picha viwanja vya mpira zaidi ya laki sita vinatoweka kila mwaka, huku ripoti zinasema tunapanda, tunapanda, tunapanda.

Tatizo liko wapi basi? Mimi naona liko kwenye neno lenyewe "kupanda". Tunahesabu miche iliyowekwa shimoni. Hatuhesabu miti iliyo hai. Na ahadi kwa watoto na wajukuu wetu haiko kwenye shimo, iko kwenye ile miaka inayofuata. Kuna mahali hapa hapa Bongo walilielewa hilo wakaigeuza nchi yao, nitawapeleka huko. Kwanza tuelewe kwa nini hesabu haifungi.

HESABU YA "KATA MTI, PANDA MTI"

Huu msemo tumeukuta umeandikwa kwenye kuta za shule na ofisi za kata. Ni mzuri mdomoni, ila una kasoro. Unafanya ionekane kwamba mti mmoja ukikatwa na mche mmoja ukipandwa, ngoma droo.

Siyo droo. Mgunga wa miaka 40 una mizizi iliyokwenda chini kutafuta maji, una kivuli, una majani yanayoanguka na kurutubisha udongo, una maganda ambayo mbuzi wanakula kiangazi, una mbegu. Mche una kimo cha rula na mizizi inayoenea kwenye kiriba kimoja. Ili mche ulipe deni la ule mti, lazima mtu aulinde miaka 40. Kukata mti ni shughuli ya nusu saa.

Halafu miti haifanani. Angalia orodha hii:

- Mpapai unakula matunda yake ndani ya mwaka mmoja hivi.
- Mwembe wa kubebesha unaanza kuzaa miaka mitatu au minne.
- Mkaratusi wa nguzo unahitaji kama miaka 8 mpaka 12.
- Misindano, kama ile ya shamba la Sao Hill kule Mufindi, inavunwa kati ya miaka 18 na 25.
- Mpingo, ule mti mweusi wa vinyago vya Wamakonde na zumari za Wazungu, unataka miaka 70 au zaidi ndipo utoe mbao ya maana.
- Mbuyu, huo usiulize. Kuna mibuyu yenye umri wa miaka zaidi ya elfu moja.

Kwa hiyo ukipanda mpapai unajipandia mwenyewe. Ukipanda mkaratusi unampandia mdogo wako ada ya chuo. Ukipanda mpingo, anayekuja kuuvuna bado hajazaliwa, na wewe utakuwa umeshazikwa. Hapo ndipo maneno "vizazi vijavyo" yanapokuwa na maana, na hapo ndipo watu wengi wanapokata tamaa. Nani atashika zamu ya kulinda kitu miaka 70? Mtu mmoja hawezi. Lazima liwe jambo la watu wengi, wanaopokezana.

KWA NINI MICHE INAKUFA

Mche haufi kwa sababu Mungu amepanga. Mara nyingi unakufa kwa sababu zinazojulikana, tena za kawaida kabisa.

Ya kwanza ni tarehe. Watu wa Dar, Pwani, Tanga na Moshi wanapata masika kuanzia Machi mpaka Mei, kwa hiyo 1 Aprili ni poa kabisa. Lakini Dodoma, Singida, Tabora na Shinyanga wana msimu mmoja tu, unaanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili hivi. Mche unaopandwa kule 1 Aprili unakuta mvua zinaaga. Mbele yake kuna miezi sita au saba ya jua kali, na hata mwezi mmoja wa kushusha mizizi haujapata. Ndo maana wenyeji wanaojua kazi hupanda mwanzoni mwa mvua.

Ya pili ni shimo na kiriba. Shimo linachimbwa dogo asubuhi ile ile ya sherehe, udongo wa chini mgumu kama sakafu. Wengine wanauweka mche na plastiki yake. Mizizi inajizungusha humo humo ndani, inajinyonga.

Ya tatu ni mbuzi na ng'ombe. Mche mbichi katikati ya kiangazi ni kama chipsi kuku kwa mbuzi mwenye njaa. Kama hakuna uzio hata wa miiba, usihesabu siku nyingi. Na sehemu kavu usisahau mchwa, wale wanashambulia mikaratusi michanga kuanzia chini.

Ya nne ndiyo kubwa kuliko zote: mche hauna mwenyewe. Umepandwa kwenye eneo "la serikali" au "la kijiji". Ukifa, nani anapata hasara? Hakuna. Ukikua, nani anafaidika? Haijulikani. Kitu ambacho kikifa hakuna anayelia, kitakufa tu. Mtu anayemwagilia mchicha wake jioni hapiti kumwagilia mche wa halmashauri ulio hatua kumi kutoka hapo, na huwezi kumlaumu sana.

Shikilieni hiyo sababu ya nne, kwa sababu ndiyo ufunguo wa stori inayokuja.

SHINYANGA ILIPOITWA JANGWA

Wengi mkisikia Shinyanga mnafikiria almasi ya Mwadui, pamba na ng'ombe. Nazungumzia Shinyanga ya zamani, kabla haijamegwa mwaka 2012 kupata mkoa wa Simiyu, na kipande kingine kwenda Geita. Eneo lile la Wasukuma lilikuwa na misitu ya migunga na miombo. Kufikia miaka ya 1980 lilikuwa jeupe kiasi kwamba watu waliliita jangwa la Tanzania.

Ilikuwaje? Siyo kwamba watu walikuwa wajinga au hawapendi miti. Kila hatua ilikuwa na sababu yake wakati ule.

Wakati wa ukoloni, Waingereza waliamua kupambana na mbung'o, wale inzi wanaoleta malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Idara yao ya utafiti wa mbung'o ilikuwa na makao yake Shinyanga. Mbung'o anapenda kivuli cha vichaka, kwa hiyo dawa ikawa kufyeka vichaka, maeneo makubwa makubwa. Kisha ikaja pamba, zao la biashara, mashamba yakapanuliwa. Ng'ombe nao wakaongezeka kwa sababu kwa Msukuma ng'ombe ndiye benki. Kuni zikatafutwa mbali zaidi kila mwaka.

Halafu ikaja Operesheni Vijiji, miaka ya 1974 na 1975. Familia zilizokuwa zinaishi zimetawanyika zikahamishiwa kwenye vijiji vya pamoja. Sasa sikilizeni hapa. Familia hizo zilikuwa na utaratibu wao wa zamani unaoitwa ngitili. Ngitili ni kipande cha malisho kinachofungwa mvua zinapoanza. Hakuna ng'ombe kuingia, nyasi zinakua, miti inakua. Kiangazi kikikolea, Julai au Agosti hivi, kinafunguliwa kidogo kidogo, ng'ombe wanapata kula wakati kwingine kote kumekauka. Ni akiba, kama kibubu, ila cha majani.

Watu walipohamishwa, ngitili zao zilibaki nyuma. Aliyekuwa analinda yuko mbali, na kile alicholinda sasa si chake tena kwa uhakika. Kikawa cha wote, maana yake hakuna mwenyewe. Kikaliwa, kikakatwa, kikaisha. Mwaka 1986, kwa mkoa wenye ukubwa wa kama kilomita za mraba 50,000, ngitili zilizokuwa zimebaki na kujulikana zilikuwa hekta 600 tu. Kilomita sita za mraba! Kuna mashamba ya mtu mmoja makubwa kuliko hapo.

HASHI NA SIRI YA KISIKI

Mwaka huo huo 1986 serikali ilianzisha mradi ulioitwa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Norway walisaidia fedha na watafiti wa kilimo mseto wa ICRAF wakasaidia utaalamu. Mwanzoni mradi ulifanya kile ambacho kila mradi hufanya: vitalu, miche, gawa, panda. Baadaye wakakaa na wazee, wakawauliza ninyi zamani mlikuwa mnafanyaje? Jibu likawa: ngitili.

Hapo mambo yakabadilika. Badala ya kubeba miche kutoka mbali, watu walianza kufunga maeneo na kuyaacha yapumzike. Na miti ikarudi yenyewe! Siyo uchawi huo. Ukiangalia ardhi iliyokatwa miti, juu unaona vumbi na vichaka vidogo vidogo, lakini chini kuna visiki ambavyo bado viko hai. Kisiki kina mizizi mirefu iliyokomaa, imeshafika kwenye unyevu. Kila mwaka kinatoa machipukizi, na kila mwaka mbuzi wanayala au mtu anayakata kuni. Ukikipumzisha, kinarusha matawi kwa kasi ambayo mche wa kiriba hauwezi hata kuota ndoto. Mche unaanza maisha, kisiki kinaendelea na maisha.

Matokeo? Kutoka hekta 600 mwaka 1986, kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilikadiriwa kuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji 833. Soma tena hiyo namba polepole. Mradi wa HASHI ulifungwa 2004, na utafiti uliotolewa mwaka 2005 ulionyesha mambo haya:

1. Faida ya ngitili, ukijumlisha kuni, nguzo, nyasi za kuezekea, dawa, asali, matunda na malisho, ilikuwa na thamani ya kama dola 14 kwa mtu kwa mwezi. Wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini Tanzania wakati huo ulikuwa dola 8.50 kwa mwezi.
2. Muda wa kutafuta kuni ulipungua kwa saa 2 mpaka 6. Saa hizo ni za akina mama na mabinti. Binti aliyekuwa anatoka alfajiri kufuata kuni alipata nafasi ya kuwahi darasani.
3. Ndani ya ngitili zilihesabiwa aina 152 za mimea na aina 145 za ndege, sehemu ambayo ilikuwa inaitwa jangwa.
4. Mapato ya ngitili za kijiji yalisaidia kujenga madarasa, nyumba za walimu na zahanati.

Sasa nani alikuwa analinda? Siyo askari wa misitu kutoka mjini. Walikuwa sungusungu, wale walinzi wa jadi, na dagashida, yaani mkutano wa jadi wa kijiji ambao unakaa chini, unatunga sheria zake na kutoza faini. Ukiingiza ng'ombe kwenye ngitili iliyofungwa, unaitwa mbele ya majirani zako, hao hao utakaowahitaji siku ya msiba. Faini unaweza kuilipa, lakini aibu inakaa.

Kwa hiyo siri ya Shinyanga haikuwa aina ya mti wala mbolea. Watu walirudishiwa kitu kikawa chao, sheria zikawa zao, na faida ikaonekana karibu, huku faida kubwa ikibaki kwa watakaokuja. Ile sababu ya nne niliyowaambia mshike, wao waliipindua juu chini.

SIYO SHINYANGA TU

Mtu anaweza kusema hiyo ni bahati ya sehemu moja. Hapana. Kule Niger, nchi kavu pembeni ya Sahara, katika miaka ya 1980 jamaa mmoja wa Australia anaitwa Tony Rinaudo alikuwa anahangaika kupanda miche eneo la Maradi, inakufa tu. Akaja kugundua kwamba vile anavyoviona vichaka mashambani ni miti iliyokatwa, visiki hai. Akawashawishi wakulima wachague machipukizi machache wayaache yakue katikati ya mazao. Wakulima wakaambizana, mmoja kwa mwingine, mpaka ikafika zaidi ya hekta milioni 5 na kadirio la miti milioni 200. Miti ambayo karibu yote hakuna aliyeipanda. Mwaka 2018 Rinaudo alipewa Tuzo ya Right Livelihood kwa kazi hiyo.

Njia hiyo hiyo inatumika sasa Dodoma, na jina lake la Kiswahili ni tamu: Kisiki Hai. Hatua zake ni rahisi kiasi kwamba unaweza kumfundisha mdogo wako leo jioni:

1. Chagua kisiki kinachochipua.
2. Pogolea. Acha machipukizi machache yaliyonyooka na yenye nguvu, mengine kata.
3. Weka alama, funga hata kipande cha kitambaa, ili kila anayepita ajue huu mti una mtu.
4. Linda. Rudi kila baada ya muda, pogolea tena, zuia mifugo.

Hakuna kununua mche, hakuna kubeba ndoo ya maji. Kinachotakiwa ni mtu anayerudi.

MAMA WA KENYA ALIYELIPA KWA MCHE ULIOPONA

Sisemi watu waache kupanda. Kuna sehemu hakuna visiki kabisa, kuna shule hazina kivuli, kuna mitaa ya mjini, kuna matunda. Hapo lazima upande. Ila panda kama Wangari Maathai.

Huyu mama wa Kenya alianza na miche saba tu, tarehe 5 Juni 1977, pale Kamukunji, Nairobi. Kutoka hapo likazaliwa Green Belt Movement, vikundi vya akina mama wa vijijini wanaootesha na kupanda miti. Ujanja wao ulikuwa kwenye malipo. Mama alikuwa anapata hela kidogo kwa kila mche UNAOPONA. Siyo mche uliopandwa, mche uliopona. Mnaona tofauti? Ukilipwa kwa kupanda, kazi yako inaisha siku ile ile. Ukilipwa kwa kupona, utakesha na mbuzi wa jirani. Harakati hizo zimeshapanda zaidi ya miti milioni 50, na mwaka 2004 Wangari akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kupata Tuzo ya Nobel ya Amani.

Na kulinda kwa mama huyu hakukuwa kumwagilia tu. Mwaka 1989 serikali ya Kenya ilitaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Akapinga mpaka likashindikana. Msitu wa Karura ulipoanza kugawiwa kwa vigogo wajenge, akaenda pale na wenzake kupanda miti, na Januari 1999 akapigwa na walinzi mpaka akatoka damu kichwani. Leo Karura ni msitu wa zaidi ya hekta 1,000 ndani ya jiji la Nairobi, watu wanakimbia mazoezi asubuhi na watoto wanaendesha baiskeli. Wengi wao walikuwa hawajazaliwa mwaka 1999. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa.

Mama Wangari alifariki 2011. Miti ipo.

TUSIDANGANYANE, KUNA UGUMU

Sasa nisije nikawauzia mbuzi kwenye gunia. Hata Shinyanga mambo hayakuwa mteremko.

Kwanza, faida haikugawanyika sawa. Mwenye ng'ombe wengi anafaidi malisho ya ngitili kuliko yule asiye na hata kuku. Mwenye ardhi kubwa anaweza kufunga ngitili yake binafsi, lakini mwenye ekari moja ya mahindi atafunga nini? Na kwa mila za kurithi ardhi, mara nyingi mwanamke anatafuta kuni kwenye ngitili ambayo jina lake halimo. Kama "vizazi vijavyo" maana yake ni wajukuu wa matajiri tu, basi hatujafanya kitu.

Pili, mradi ukifungwa presha haifungwi. Watu wanaongezeka, mashamba yanatafutwa, Kahama kuna tumbaku inayokaushwa kwa kuni, na mkaa unatakiwa mijini kila siku. Ngitili inayolindwa miaka 20 inaweza kufyekwa kwa msimu mmoja ikiwa mkutano umelala au kiongozi amekula rushwa. Ahadi ya miti haisainiwi mara moja ikaisha. Inasainiwa upya kila kiangazi.

SASA SISI TUFANYEJE?

Najua wengi wenu mmepanga chumba kimoja mjini, mtaniambia kaka mimi sina hata sehemu ya kupanda bamia. Sawa. Sikilizeni haya machache:

MOJA. Ukirudi kijijini likizo au sikukuu, angalia shamba la mzee. Tafuta visiki hai. Chagua vitano tu, pogolea, funga kitambaa, mweleze mdogo wako anayebaki. Mwaka unaofuata kavikague.

MBILI. Ukipanda mche, panda na mvua ya sehemu yako, siyo na tarehe ya sherehe. Shimo lichimbwe mapema, kiriba kitolewe, miiba izungushiwe. Na uwe umeshajua jina la mtu atakayeumwagilia kiangazi cha kwanza na cha pili. Kama hakuna jina, bora usipande, mpe mche mwenye nafasi.

TATU. Jueni haki yenu. Kwa sheria zetu, kila mkazi wa kijiji aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Hauhitaji kadi ya chama wala kitambi. Na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga na kusimamia msitu wake chenyewe, na kutunga sheria ndogo za kuulinda. Sheria ndogo hizo zinajadiliwa kwenye mkutano huo huo ambao vijana tunawaachia wazee, halafu tunalalamika ardhi imeuzwa.

NNE. Badilisha swali. Kiongozi akisema tumepanda miti elfu kumi, usipige makofi kwanza. Muulize kwa heshima: "Mheshimiwa, ya mwaka juzi iliyo hai ni mingapi, na nani anailinda?" Swali hilo moja likiulizwa kwenye kila kata, namba za ripoti zitaanza kuogopa.

Tukumbuke kitu kimoja. Mtoto atakayezaliwa mwaka 2050 hana mjumbe kwenye mkutano wa kijiji leo. Hawezi kunyoosha mkono akasema msikate hapo, mimi nitahitaji maji. Walio hai ndio wanaomsemea au wanaomwuza. Wazee wa Shinyanga waliofunga ngitili miaka ile walikuwa na ng'ombe wenye njaa siku ile ile, na nyasi wanaziona kwa macho, lakini walikubali kusubiri. Wengi wao hawapo tena. Waliowasubiria wapo.

Nina ombi kabla dakika zenu hazijaisha. Wiki hii pita shule ya msingi uliyosoma au iliyo karibu na kwako. Hesabu miti. Uliza ilipandwa lini, mingapi ilipandwa na mingapi ipo. Halafu rudi hapa chini kwenye maoni uandike namba mbili tu: iliyopandwa na iliyo hai, na jina la wilaya. Tukipata hamsini tu za namna hiyo tutakuwa na ripoti ambayo haipo kwenye meza ya mkurugenzi yeyote.

Nawakilisha. Tupo pamoja.